Kisanduku cha Mlalamikaji

Tarehe 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, ila roho iko huko kwenu tangu niliposoma barua yako. Mdogo wangu Kitinda anaendeleaje? Bado anatapika asubuhi? Tafadhali msinywe tena maji ya kile kisima, hata mkiyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu. Sumu ya mapipa yaliyozikwa yadini haifi.

Uliniuliza kama serikali inaweza kuingia kwenye yadi ya mtu na kufukua alichozika. Inaweza, mama. Sheria ya mazingira nimeisoma yote na kuipigia mistari. Mkaguzi anaruhusiwa kuingia saa yoyote bila kutoa taarifa, kufungua pipa lolote, kuchota udongo na maji, na kumhoji yeyote. Akizuiwa, anarudi na polisi.

Basi jana nilifungua jalada hapa ofisini. Fomu nimeijaza kwa mkono wangu, visanduku vyote kumi na viwili, sikuacha hata kimoja wazi. Mkuu wa ofisi aliitazama akasema, "Wewe karani mpya, unajaza fomu kama mtu anayeandika barua ya posa." Wenzangu walicheka mpaka nikaona haya. Lakini alitia saini. Wakaguzi watakuja wiki ijayo.

Mwanao.


Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tumeamka, na aliyeamka hana budi kushukuru. Kutapika kwa Kitinda kumepungua, lakini sasa ni tumbo, na mwalimu wake anasema analala juu ya daftari saa tatu asubuhi.

Wageni wako walifika. Watatu, buti mpya, barakoa usoni. Mmoja aliinamia mtaro unaotoka yadini, akanusa, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Walichota kila kitu chupa mbili mbili, moja yao, moja ya Tajiri wa yadi. Walichota hata kisimani kwetu. Nilisimama mlangoni nikijisemea, kumbe haki nayo huvaa buti.

Kesho yake Tajiri akabisha hodi, peke yake, salamu nyingi. Mkononi alikuwa na nakala ya fomu. Alinisomea kwa sauti: "Mlalamikaji: mama mjane, nyumba ya tatu kutoka lango la yadi, ukuta wa buluu." Kisha akanishikisha karatasi, akauliza kwa upole, "Mama, kuna mjane mwingine hapa mwenye ukuta wa buluu?"

Wapakiaji wake ishirini wamesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Wake zao wanapita wakisema nimewamwagia unga. Jana mwenye duka aliniambia chumvi imekwisha, na mimi naiona hiyo hapo rafuni.

Mwanangu, nani aliandika vile? Nauliza tu.

Mama yako.


Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimenibana. Pole sana kwa yaliyokupata. Barua yako niliisomea chooni, ili wenzangu wasinione uso.

Sijui aliyeandika. Fomu hupita mikono mingi hapa. Huenda mkaguzi ndiye aliyeongeza. Desturi ya ofisi, nimekuja kuifahamu, ni kuandika "raia mwema" tu kwenye kisanduku cha mlalamikaji, kwa sababu nakala lazima impate mwenye yadi. Haijaandikwa popote. Watu huijua tu.

Majibu ya maabara yametoka. Maji ya kisima yana madini ya risasi mara kumi na tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Mkuu ana mamlaka ya kufunga yadi leo hii, kwa saini moja. Nilimpelekea karatasi akasema, "Iache hapo." Ipo hapo siku ya sita, anaweka kikombe cha chai juu yake.

Vumilia kidogo, mama. Choteni maji mbali.

Mwanao.


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kitinda alilazwa siku tatu, ametoka juzi. Anatembea akishika ukuta. Daktari ameandika kwamba aondolewe mtaa huu. Aende wapi, hakuandika.

Usijisumbue kumtafuta aliyejaza fomu. Tajiri aliponishikisha ile karatasi, nilijua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Mwandiko ule nilikufundisha mimi, kwa kipande cha mkaa, kwenye sakafu ya jikoni. Nilikuuliza ili upate nafasi ya kusema. Basi.

Tajiri amerudi tena. Anasema karani anayefungua jalada la nyumbani kwao amevunja kanuni za kazi, na kwamba yeye atamsaka huyo karani mpaka ampate. Nikamwambia asihangaike. Nimeandika barua ya kufuta malalamiko na kuisaini mbele yake. Alinishukuru sana, akanipa pole ya mtoto. Wapakiaji wamerudi kazini. Leo chumvi imepatikana.

Ule vizuri, wewe ukiwa na mawazo huwa huli.

Mama yako.


Tarehe 29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ni mimi niliyeandika. Nilidhani fomu iliyojaa ndiyo fomu ya kweli. Nikakudanganya, nawe ulijua unadanganywa. Sina la kujitetea.

Mlete Kitinda kwangu. Chumba kina kitanda kimoja, nitalala chini. Tafadhali usisubiri hata wiki moja.

Barua yako ya kufuta ilifika mezani kwangu asubuhi ya leo. Nilichukua kitabu cha sheria nikaingia nacho kwa Mkuu. Nilimwonyesha kifungu: uchunguzi haumhitaji mlalamikaji. Mkaguzi anaweza kuingia kesho hata kama mtaa mzima umenyamaza, na majibu ya maabara tunayo. Nilizungumza vizuri, mama, sikushikwa na kigugumizi hata mara moja.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaishika barua yako, akaisoma taratibu, akaniangalia. "Karani, mbona una uchungu hivi? Unamjua huyu mjane?"

Mlango ulikuwa wazi, na wenzangu wote waliacha kuandika.

Nikasema, "Simjui."

Akanisogezea jalada na muhuri wa KUFUNGWA. Wino ulikuwa umekauka. Ilibidi nigonge mara mbili.