Tiki ya Mfano

Jumatano, 4 Juni
Kamati ya maji imeundwa! Mimi karani — kwa mwandiko wangu, si kwa mdomo. Kikao kizima nilisema neno moja: "Ndiyo." Zamani kutia dawa kwenye tangi la shule ilikuwa kazi ya wote, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa. Sasa kila Jumatatu ina mtu wake. Akitia dawa, anaweka tiki kwenye karatasi mlangoni pa stoo.

Ijumaa, 6 Juni
Nimechora karatasi kwa rula. Mstari wa kwanza, tarehe 9, nimeweka tiki ya mfano — kijani, safi — waone inavyotakiwa kukaa. Inapendeza! Dada anasema siku moja nitapiga pasi daftari.

Jumanne, 10 Juni
Watoto kumi na mmoja wa darasa la pili wanaumwa tumbo. Mdogo wangu ni mmoja wao. Mwalimu wa afya kapima maji: hayana dawa. Jana ilikuwa zamu ya Injinia (tunamwita hivyo tangu alipofungua redio ya shule aitengeneze; haijafungika mpaka leo).
"Nilikuta tiki, Mwalimu. Nikajua nimetanguliwa. Dawa ikizidi si ni sumu?"
Kamati nzima ikacheka. "Tiki ilijiweka yenyewe, Injinia? Ilikuja na mabawa?"
Atatolewa kwenye kamati, na baba yake ameitwa.
Nami nikaandika kwenye muhtasari: Ametoa udhuru. Herufi zimenyooka kama kawaida. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 11 Juni
Mdogo wangu ameamka, amekula kidogo. Akaniuliza, "Si wewe ndiye wa maji?" Nikajifanya natafuta kiatu.
Injinia alinifuata maktaba. "Karani, wewe unajua miandiko yetu yote. Ile tiki ya nani?"
Nikamwambia nitaangalia.
Nitaangalia!

Alhamisi, 12 Juni
Benchi, nje ya ofisi. Injinia na baba yake wako ndani. Mzee alivua kofia kabla hata ya kubisha hodi. Mwalimu anataka nimsomee muhtasari.
Nimekata "Ametoa udhuru". Juu yake nimeandika: Amesema kweli. Tiki niliiweka mimi. Kalamu ile ile ya kijani. Kisha jina langu — limepinda, limetoka nje ya mstari.
Namsikia mzee akiomba radhi. Anaomba radhi!
Mlango unafunguka. "Karani, njoo usome."
Naingia.