Baba Hatakuja Kwenye Kipindi

Kimulot, Konoin,
Bomet.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Weldon,

Chamgei. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Maxine na mtoto. Kikohozi cha mtoto kiliisha? Ulipopiga simu mwezi wa nane nilimsikia akikohoa nyuma yako, na tangu hapo nimekuwa nikimtaja katika maombi. Sisi huku tuko salama kiasi. Baridi ni ile unayoijua, ukungu unalala juu ya chai mpaka saa nne.

Utashangaa kuona barua siku hizi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hunishinda. Kila nikianza jambo zito unatia mzaha, nacheka, salio linaisha, na jambo linabaki kifuani. Barua huwezi kuikatiza.

Mvua ya mawe ilitupiga mwanzo wa mwezi huu na chai ya upande wa juu ikachanika kama imepitiwa na mbuzi. Tutangoja ichipuke tena. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Watoto wangu wamefunga shule na wanamaliza unga. Hayo ndiyo ya nyumbani, sasa nije kwa lile uliloniuliza.

Uliniandikia ujumbe kwamba wenye kipindi chenu cha maswali, Bahatisha na Mastaa, wanataka Baba aje Nairobi kwa kipindi cha Krismasi, aketi kwenye timu yenu na aombe vile ulivyomwigiza, kwa sababu watu wamempenda sana. Ukasema nimwandae na nimtafutie suti. Jibu ni hapana, Weldon. Hukuwa hapa, kwa hivyo acha nikueleze yaliyotokea tangu jioni ile.

Jumapili ile ya mwezi wa tisa Baba alikuwa ametangaza kanisani kwamba kijana wake yuko kwa TV leo. Saa moja jioni sebule ilikuwa imejaa. Hata Omollo jirani yetu, yule aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani, alipanda na kiti chake mwenyewe akijua vya kwetu havitatosha. Baba hakuvua koti la kanisani.

Mwanzoni tulifurahi. Ulipobahatisha mji mkuu wa Australia na ukapata, Baba alijipiga mapaja kwa furaha, akawageukia watu mmoja mmoja ahakikishe wameona. Kisha mtangazaji akauliza mguu wa mtu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa mingapi. Yule mwimbaji wa timu yenu hakujua. Wewe pia hukujua. Ukasema mifupa huijui lakini miguu unaijua, ukasimama, ukaweka kofia kifuani kama anavyoweka Baba, ukainamisha kichwa, ukaomba kwa matamshi yake ya Kipsigis.

"Pwana, nakurutishia Torcus wako. Mikuu yake huwa pariti. Umfunike vizuri."

Watu wa studio walicheka mpaka mtangazaji akajipangusa machozi. Sebuleni pia walicheka, maana ulimpatia kabisa, hata ile pumzi anayovuta katikati ya maneno. Na mimi nilicheka. Nilikuwa mlangoni na birika mkononi, nikacheka kwa sauti kabla sijakumbuka maneno yale yalisemwa wapi. Baba aliyasema kwenye kaburi la Mama, huyo Torcus wake, mwaka juzi. Wewe ulikuwa umesimama karibu nami umeshika koleo, na ulikuwa unalia.

Baba alitazama mpaka tangazo la sabuni likaingia, akainuka, akasema kwa Kipsigis kwamba anaenda kuangalia ng'ombe. Hakurudi mpaka watu wote walipoondoka.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimwita aombe. Alisimama, akatikisa kichwa, akaketi. Ile video yako ilikuwa imeshaenea kwenye simu, na kulikuwa na vijana wawili nyuma ambao walishaanza kunong'ona "Pwana, Pwana." Nadhani aliwasikia. Tangu siku hiyo Baba aliacha Kiswahili. Hakutangaza. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha sukari.

Kwetu sisi haikuwa shida sana, Kipsigis kinatutosha. Lakini mfikirie Omollo. Miaka ishirini na nane amekuwa akipanda kwetu kila Jumatano wanywe chai, na wale wawili hawana lugha nyingine ya pamoja. Mmoja hajui Kipsigis, mwingine hajui Kijaluo. Omollo aliendelea kuja. Aliketi, akaongea peke yake habari za bei ya majani na goti lake, Baba akiitikia kwa kichwa. Kikombe kikiisha, anaaga.

Mwezi wa kumi Baba alikuwa na siku yake ya presha hospitali kule Kericho. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Unajua vile yeye huuliza maswali kule, mpaka wauguzi humwita mwalimu. Siku hiyo hakuuliza hata moja. Daktari alimbadilishia dawa na akamweleza. Karatasi ninayo, na imeandikwa wazi kwamba zile za zamani aache. Baba aliitikia kwa kichwa. Baadaye aliniambia kwamba hakuwa ameelewa vizuri, lakini wauguzi walikuwa vijana, na aliogopa kwamba akifungua mdomo tu watamjua ni yule mzee wa kwenye simu zao. Akarudi nyumbani, akawa anameza zote mbili, za zamani na mpya. Siku tisa.

Siku ya kumi alianguka kwenye chai, kule juu karibu na msitu. Omollo alikuwa akipita na nyasi za ng'ombe wake akaona kikapu cha kuchumia katikati ya michai na hakuna mtu. Akaingia. Alimkuta Baba amelala ubavu, uso umekwaruzwa, macho yakiwa wazi lakini hayashiki kitu. Yule mzee aliketi kwenye matope na goti lake bovu, akaweka kichwa cha Baba mapajani, akapiga kelele kuita watu. Tukiwa bado tunakuja, alimwambia maneno haya. Nimeyapata kwake mwenyewe.

"Kiptanui, mimi nasema samba. Wewe unasema shampa. Miaka yote hii hakuna kati yetu aliyelisema sawasawa, na tulikuwa tunafika kulima. Sasa niambie wapi unauma."

Baba akamjibu kwa Kiswahili.

"Kichwa. Na tunia inazunguka."

Omollo akamuuliza amekula nini, Baba akataja dawa, aina mbili. Tulipofika hospitalini ndilo jambo la kwanza tulilomwambia daktari, na akatuambia lilimsaidia kujua aanzie wapi. Mimi sikuwa najua. Mimi, ambaye nalala nyumba ya pili kutoka kwake.

Alilazwa siku nne. Sasa anatembea, anakula, na dawa nampa kwa mkono wangu. Utauliza kwa nini hatukukuambia. Baba alikataza usisumbuliwe kazini, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Hiyo sehemu yangu ilikuwa mbaya. Nisamehe.

Ujumbe wako wa Krismasi uliingia siku mbili baada ya yeye kutoka. Sikumficha. Alikuwa ameketi nje kwenye jua akipukuchua mahindi, nikamsomea wote, hata pale uliposema watu wamempenda. Alimaliza kupukuchua mahindi mawili. Kisha alisema kwa Kipsigis, nami nayaweka hapa kama nilivyoweza:

"Sauti ni yangu, na yeye ni wangu. Aichukue acheke nayo. Lakini siku ile sikuwa naongea na watu."

Nilisimama pale na simu mkononi. Nilitaka kuingia ndani nikuandikie kwa ukali mara moja. Halafu nikaona siwezi kukuandikia neno kabla sijasema langu.

"Baba, na mimi nilicheka."

"Nilikusikia," akasema.

Hakuinua macho. Alisogea kwenye gunia akanipa nafasi, akanisukumia hindi. Tulipukuchua mpaka jua likaondoka pale. Usidhani kila kitu kilipona hapo hapo. Lakini asubuhi yake aliniita nimnyoe ndevu, na nilipokuwa nikimnyoa aliniambia habari za Mama ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia, kwamba tangu walipooana Mama alikuwa akiweka miguu yake ya baridi kwenye mgongo wa Baba usiku kucha, na Baba hakuwahi kulalamika.

Sikuandikii kukuhukumu. Najua mtu akisimama mbele ya zile taa bila jibu hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu nawe ni yeye. Pengine pia ndivyo unavyomlilia Mama. Sijui, hujawahi kuniambia, nami sijawahi kukuuliza. Kazi yako sio mbaya. Watu wa huku wamecheka kwa ajili yako katika miaka ambayo hawakuwa na jambo lingine la kucheka.

Waambie wenye kipindi kwamba mzee hatakuja. Ile video waombe waitoe, na kama haiwezekani, basi. Lakini wewe mwenyewe uje. Usije na mtu wa kupiga picha. Baba bado hajaomba kanisani, ila Jumatano na Omollo wanaongea tena, na juzi niliwasikia wakibishana kwa sauti kuhusu ndama. Ukifika usitafute maneno mengi. Mimi yangu yalikuwa manne.

Msalimie sana Maxine, na umkumbatie mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Ukionana na binamu yetu Kipchoge mwambie mama yake anamtafuta. Mume wangu Kipkosgei anakusalimu, watoto pia, na Omollo na mkewe Jerusa, ambaye anasema umekonda kwenye TV. Mungu akufunike huko uliko, na akupe kicheko ambacho hakimwachi mtu nje.

Baba hajatuma salamu, na mimi sitazitunga. Njoo uzichukue mwenyewe.

Ni mimi dada yako ninayekupenda,

Janeffer Chepngeno