Kompyuta Inasema Hakuna Masasisho, na Mimi Nimemfokea Aliyeuliza

Mshauri wangu,

Nina jambo limenikwama kooni siku ya kumi na moja leo, halimezeki wala halitemeki, na kwa kuwa kazini siwezi kulisema na nyumbani sieleweki, nimeona nikuandikie wewe usiyenijua, unisaidie kabla Jumatatu haijafika.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika zahanati ya mama na mtoto, mwaka wa tisa sasa, na mwezi uliopita kompyuta zetu tatu zilipochoka kiasi kwamba ukifungua faili moja unaweza kwenda kunywa chai ukarudi, nilimwambia daktari wetu mkuu kuwa naweza kuzifuta na kuziwekea mfumo wa Linux, ule wa bure usioelemea kompyuta kuukuu, maana nilijifunza mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani, naye akafurahi, akaniita Injinia mbele ya wafanyakazi wote, na jina likanishika, hata wafagizi wakawa wananiita hivyo, na sitakuficha, mshauri, nililipenda.

Kazi niliifanya Jumamosi zahanati ikiwa imefungwa, na siku hiyo intaneti haikuwepo lakini sikujali kwa sababu kila kilichohitajika kilikuwa kwenye flashi, kompyuta zikawaka vizuri kabisa, na Jumatatu intaneti iliporudi nikabonyeza pale pa kutafuta masasisho, yaani marekebisho mapya ya mfumo, ikaniandikia kwamba hakuna lolote jipya, nami roho ikatulia, nikaandika ripoti kwamba kompyuta zote tatu zimesasishwa na ziko salama, nikatia saini.

Sasa mfamasia wetu, mzee mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, akauliza kwenye kikao cha asubuhi, "Injinia, samahani, binti yangu ana Linux hiyohiyo na kila wiki inamletea masasisho. Mbona ya kwetu haijaleta hata moja?" nami badala ya kusema sijui nikaona kama ananichimba mbele za watu, nikamwambia, "Mzee, wewe hesabu vidonge, kompyuta niachie mimi," watu wakaangua kicheko, na yeye akatabasamu kidogo akasema, "Nisamehe mwanangu, sikujua," na tangu siku hiyo akitaka kitu kwenye kompyuta anamtuma nesi.

Jioni ileile nikafungua kompyuta yangu ya nyumbani, toleo lilelile, ikaniletea masasisho zaidi ya mia moja na mengi yakiwa ya usalama, nikarudi kazini nikajaribu tena, sifuri, nikazima nikawasha, sifuri, nikabadili waya wa intaneti, sifuri, na Jumatatu ijayo kompyuta hizi zinaunganishwa na za hospitali kubwa, majina ya akina mama na majibu ya vipimo vyao vya siri yatapita humo kwa saini yangu mimi, na mume wangu anasema, "Nyamaza bwana, nani atajua?" lakini nikimwandikia mama kadi ya mtoto wake siwezi kumtazama usoni. Je, niseme nivunjike heshima, au Jumamosi nijifungie humo nizifute na kuanza upya kimyakimya?

Injinia wa jina tu

JIBU

Dada yangu,

Uliandika namba yako ya simu chini ya barua, nikaona jambo hili haliwezi kungoja zamu yake gazetini, nikakupigia. Wasomaji nao wasikie niliyokuambia.

Kwanza, acha kufuta kompyuta za watu. Nilimsomea barua yako fundi wa kompyuta wa hapa ofisini, hakumaliza hata kunisikiliza. "Aliweka bila intaneti," akasema. "Kompyuta zinaulizia flashi." Ndiyo hivyo. Mfumo ulipokuwa unawekwa haukuona intaneti, kwa hiyo mahali pekee ulipoandikiwa pa kutafuta programu ni flashi yako, na flashi haina jipya tangu siku ilipotengenezwa. Lifungue faili lenye orodha ya mahali pa kupata programu. Mstari wa flashi uzime. Andika anwani za hazina kuu ya mfumo wako, yaani ghala lake la programu mtandaoni, na ile ya usalama, za toleo lako hasa, unaweza kuzinakili kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani. Hakikisha saa na tarehe ni sahihi, sasisha orodha, kisha pakua vyote na uwashe upya. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kutojua hilo si kosa, hata mafundi limewahi kuwapata. Kosa lako ni saini. Uliona sifuri kazini na mia nyumbani, ukajua, na ripoti ukaiacha ilivyo. Na mumeo, nampenda kwa kukuonea huruma, ila hapa amekupotosha. Anayeuliza nani atajua amesahau kuwa wewe unajua, na ndiyo maana huwezi kuwatazama akina mama usoni. Kurekebisha kimyakimya kungezitibu kompyuta, lakini ripoti ya uongo ingebaki kwenye faili. Nilikuambia umwendee daktari kabla ya kugusa chochote, na ripoti mpya ukiwa umeishika mkononi.

Ukaenda. Juzi ukanipigia. Daktari aliisoma ripoti mpya, ukasema, kisha akauliza swali moja tu: "Unahitaji siku ngapi?" Akaahirisha kuunganishwa kwa siku nne. Kila kompyuta ilishusha masasisho zaidi ya mia moja na sitini. Jina la Injinia bado unalo, na sasa lina sababu.

Kisha ukaenda kwenye dirisha la dawa ukamwomba radhi mzee. Ulitarajia aseme yameisha. Akaendelea kupanga chupa zake, halafu akakuambia, "Kucheka kwao hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyeomba msamaha." Ukaondoka, na sasa unaniuliza umefanya kosa gani tena.

Hukukosea kwenda. Ila angalia ulikwenda wapi. Pale dirishani mlikuwa wawili, hakuna aliyesikia. Ulipomfokea mlikuwa kikaoni, na watu wale wote bado wanaamini mzee wa watu aliuliza swali la kijinga.

Basi kesho asubuhi, kikao kikianza, usikae. Sema alichouliza, sema alikuwa sahihi, sema ulichomjibu. Usiongeze maelezo ya flashi. Ukimaliza, mwombe msamaha kwa sauti ambayo hata aliye mlangoni ataisikia, kisha nyamaza, umwache yeye aseme au asiseme.