Kinyozi Ananisimulia Picha

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima, na yule paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la viatu.

Nimelipata toleo la kwanza la lile jarida la katuni tulilokuwa tukinyang'anyana utotoni. Jalada limechanika pembeni na kurasa zimegeuka manjano, lakini zote zimo. Wenzangu wa Jumamosi, kinyozi na mwalimu mstaafu, wanaokusanya katuni za zamani kama mimi, walilishangilia utadhani mtoto kazaliwa.

Dada, macho yangu yanakwisha. Daktari anasema hakuna dawa. Sikutaka kukuambia, ila mwandiko huu unaopanda na kushuka umeshanichongea.

Niliwaambia wenzangu wagawane majarida yangu yote. Kinyozi akaja juu.

"Nani kakwambia tunafuata karatasi hapa?"

Akavuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kunisimulia picha.

"Hapa mwizi kakwama dirishani. Tumbo limegoma kupita."

"Tumbo gani? Ni makalio!" mwalimu akadakia. "Msimulie mwenzio vizuri!"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nilicheka hadi nikashika mbavu, kisha machozi yakanitoka kweli. Kinyozi akalifunika jarida. Halafu mwalimu akasema taratibu, "Endelea, bwana, tujue katokaje."

Kwa hiyo usije mbio. Njoo ukipata nafasi. Zamu ya kusimulia utapewa, ila ujiandae kubishiwa.

Ni mimi,
kitindamimba wenu