Kamba ya Kihenge

Mjukuu wangu,

Huku Nsemulwa tu wazima, ila babu yako anagombana na kuku wangu kila asubuhi. Umeniuliza kama hesabu za duara zina kazi yoyote nje ya darasa.

Zamani tukijenga kihenge, lile ghala la duara la kuhifadhia mahindi, wanaume ndio waliopanga nguzo, tena kwa macho tu. Mwaka mmoja dada yangu mkubwa akaomba ajaribu. Alifunga kamba kwenye kigingi cha katikati, akachora duara. Kisha kwa urefu uleule wa kamba akapima ukingoni, alama hadi alama, mpaka akarudi palepale alipoanzia. Alama sita za nguzo, nafasi sawasawa! Baba akazunguka akizikagua alama, halafu akamwita dada: "Mama, njoo uchimbie ya kwanza."

Nilijivuna kama nimepima mimi. Wewe ulipewa jina lake; ndilo unaloandika kwenye karatasi zako za mtihani.

Bibi yako