Jogoo wa Suluhu

Laela, 7 Aprili 2024

Mwanangu Luciana,

Hujambo huko Dodoma? Sisi tupo, mgongo tu ndio unanisumbua, na baridi yetu unaijua. Simu yangu imekufa, kwa hiyo barua nampa kondakta wa basi.

Kaka yako Valerian kampiga tena mkewe Leonia, jino limetoka. Usihangaike. Kaleta jogoo na dumu la pombe ya ulezi, nimewakalisha, wamekula sahani moja, nikamrudisha Leonia kwake nimemshika mkono. Yamekwisha. Sasa hebu niambie, hiyo shahada ya ustawi wa jamii unasomea nini miaka yote hiyo, wakati mimi naifanya kazi kwa jogoo mmoja? Na utaajiriwa wapi?

Shangazi yako,
Kristiana

Dodoma, 15 Aprili 2024

Shikamoo shangazi,

Mimi mzima, hofu kwako na huo mgongo. Kazi zipo: hospitalini, mahakamani, makao ya watoto, hata gerezani.

Ila jamani, jino! Valerian ni damu yangu, umetulea sote tangu wazazi wafe, lakini huo ni uhalifu. Tunafundishwa kwamba aliyepigwa harudishwi kabla ya kuulizwa, akiwa peke yake, anaogopa nini. Leonia ulimuuliza? Mpeleke Valerian polisi, dawati la jinsia. Atamuua.

Mwanao,
Luciana

Laela, 5 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliichana kwa hasira. Eti nimpeleke polisi mtoto niliyemlea mwenyewe!

Jumanne Valerian kamkata Leonia panga begani. Kashonwa, na manesi kawaambia kaangukia jembe. Nimemleta kwangu, nikamuuliza peke yake, kama ulivyosema. Kanijibu, "Shangazi, naogopa huo mkono wako unaonirudisha."

Leo Valerian kaja na jogoo mwingine. Nimemfukuza na jogoo wake. Kaapa uani, watu wanasikia, kwamba atatuchinja wote wawili. Nifanyeje, wewe msomi?

Shangazi yako,
Kristiana

Dodoma, 8 Mei 2024

Shikamoo shangazi,

Leo sina salamu ndefu. Mtu akiapa kuua, mwamini. Ukiisoma hii, panda basi na Leonia mwende polisi Sumbawanga, siku hiyohiyo. Mtihani wangu wa mwisho ni Ijumaa, Jumamosi naanza safari. Naogopa sana.

Mwanao,
Luciana

Gerezani, Sumbawanga, 3 Juni 2024

Mwanangu Luciana, kama bado ni mwanangu,

Hujambo? Najua ulifika nyumbani ukakuta kaburi. Barua yako ya mwisho ilichelewa kwa siku moja.

Alikuja mchana, tunatwanga. Safari hii hakuleta jogoo. Alimkata Leonia kichwani, akainua panga tena. Nilimwita kwa sauti ileile niliyomwitia alipokuwa mtoto. Hakugeuka. Nikampiga kwa mchi. Akajaribu kuinuka, nikampiga tena, sikudanganyi. Damu yake ilirukia ulezi. Mtoto niliyembeba mgongoni, Luciana!

Ulisema kazi yenu ipo hata gerezani. Nakuomba, usije ukapangiwa hapa.

Shangazi yako,
Kristiana

Laela, 9 Juni 2024

Shikamoo shangazi,

Umemuua kaka yangu. Naandika hilo kwanza, maana nisipoliandika nitapasuka. Nikiuona ule mchi nakuchukia wewe. Nikimfunga Leonia kidonda, namchukia Valerian. Halafu nakaa chini nawalilia nyote.

Sisi haturuhusiwi kushika kesi ya ndugu, kwa hiyo usiogope, siji kama afisa. Jumapili ijayo nakuja kama mtoto wako. Nakuletea sweta, sabuni na dawa ya kuchua mgongo.

Leonia naye anakuja. Nilimuuliza kwanza, akiwa peke yake.

Mwanao,
Luciana