Yai Asubuhi, Samli Jioni

Mbaga, Same
3 Machi 1957

Mwanangu Gideoni,

Salamu nyingi toka nyumbani. Masomo ya uganga huko Kampala yanakwendaje? Sisi wazima, isipokuwa baba yako. Akipanda kutoka Same kifua humbana, husimama njiani akijifanya anatazama mashamba ya watu. Daktari wa misheni amemkataza samli. Amejibu kwamba alianza kula samli kabla daktari hajazaliwa. Kila asubuhi mayai yake yanaogelea ndani ya samli hiyo. Mwandikie wewe. Maneno yangu amekwisha kuyazoea.

Mama yako, Dorkas

Kampala
20 Machi 1957

Mama mpendwa,

Shikamoo, na baba mpe yake. Mimi mzima, ila nimechoshwa na viini vya mayai. Nimejitolea kwenye uchunguzi wa mwalimu wetu: sasa tunakula viini bila mafuta, baadaye tutakula pamoja na mafuta. Anapima damu yetu, na choo pia, tunachompelekea ndani ya makopo. Anafuatilia kolesteroli, kitu cha jamii ya mafuta kilichomo kwenye kiini. Ikizidi damuni, wengi wanaamini huziba mishipa ya moyo. Ikifika utumboni bila mafuta, nyingi hupita ikatoka. Ikifuatana na mafuta, nyongo humiminika, huyavunja yawe vichembe, na kolesteroli hujipenyeza humo ikavuka ukuta wa utumbo. Mwambie baba aache samli.

Mwanao, Gideoni

Mbaga
14 Aprili 1957

Marahaba mwanangu,

Mungu akulinde na hayo makopo. Jirani yetu Eliwaza akiuliza unasomea nini, namwambia macho.

Baba yako nilimsomea barua. Alisikiliza kwa utulivu mno, nikaogopa. Sasa asubuhi anakula mayai ya kuchemsha, makavu. Jioni anakwenda kwa Eliwaza kunywa samli. Nilipomfuma alisema, "Mwanao ameandika mwenyewe: ubaya ni vikifuatana. Yai limepanda treni ya asubuhi, samli ya jioni. Vitakutana wapi?"

Nami nakuuliza wewe. Vitakutana wapi?

Mama yako

Kampala
5 Mei 1957

Shikamoo mama,

Natumaini hamjambo. Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kulikoni. Vitakutana. Utumbo ni mrefu na safari yake ya polepole. Tena nyongo yenyewe hushuka na kolesteroli kutoka kwenye ini, kwa hiyo hata samli ikija peke yake itakuta abiria stesheni.

Mwambie baba sitaki kuja likizo nimkute hayupo. Hilo sikufundishwa na mwalimu.

Gideoni

Mbaga
30 Juni 1957

Mwanangu,

Usinilaumu kwa kimya. Baba yako alikutwa ameketi kando ya njia, jasho linamtoka, mkono kifuani. Vijana wakamleta kwa machela. Daktari alimlaza kitandani, na sasa ameinuka, anatembea taratibu.

Anakula makande bila tone la mafuta, akiyatazama kama anayesomewa hukumu. Jumamosi kwenye harusi ya binti wa Eliwaza alisimama mbele ya sufuria ya pilau akawahubiria wageni habari za nyongo, hata bwana harusi akashindwa kula.

Nikamuuliza, "Baba Gideoni, ni barua za mwanao zilizokugeuza?"

"Barua gani? Nilipokaa pale njiani niliwaza: nikifa, mwanamke huyu atagombana na nani?"

Nikampakulia makande mengine.

Mama yako, Dorkas